Papa Butiki, Aliyetudai Betri Zilizokufa

Kabla hajakuuzia kitu, Papa Butiki alikuangalia mfukoni. Uso hakuuangalia; uso, alisema, kila mtu anajua kuutengeneza. Aliangalia mfuko wa suruali, au fundo la kitenge kama wewe ni mama, halafu akauliza kwa ile sauti yake ya mtu ambaye tayari amekukamata: "Uko na nini mule?" Ukitaja funguo, alikuambia toa. Ukitaja rozari, alikuambia toa na rozari, uweke mfuko wa pili, Bikira Maria hatakasirika. Akishaona mfuko ni mtupu, ndipo alipokupa betri ya tochi, ile ya duara, nene kama kidole gumba cha mwanaume. Ncha zake zote mbili alikuwa ameziziba kwa sparadra, ile plasta ya vidonda, na yenyewe ameiingiza ndani ya kipande cha mwanzi chenye kizibo cha gunzi la muhindi.

"Kila betri na chumba yake," alikuwa anasema. "Na chuma yoyote ikae mbali."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa binti wa kucheka. Lakini baada ya kucheka kila mtu alirudi nyumbani akijiuliza: mtu anayeshuku mifuko yetu namna hii, wa kwake una nini?

Nilikuwa jirani yake wa mita tatu, pale Kashebere, kwenye barabara inayoshuka kutoka Masisi kwenda Walikale. Shule niliachia primeri, vita vilipofunga milango. Nilikuwa na meza ya kuchaji simu, paneli ya jua juu ya nyumba ya Mama, na ndoto nyingi kuliko simu zilizokuwa mezani. Siku moja, nilijiambia, nitafungua ukumbi Goma, wenye taa za rangi, watu waje kutazama video za ndoa zao na kulia kwa furaha. Papa Butiki aliposikia ndoto hiyo aliuliza taa zitakuwa za betri gani.

Usiniulize alizaliwa wapi. Walisema ni mtu wa upande wa Butembo, kwa sababu wenye butiki, yaani maduka, na malori kwetu wengi hutoka huko, na kwa sababu hakukosa misa. Mke, watoto, nani alimleta kwetu: hakuna aliyepata jibu. Ukimwuliza umri wake alitaka kujua unaenda kumwambia nani.

Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, apate kuona nani anatoka na saa ngapi. Padri alipotupa mkono wa amani, yeye alimpa jirani yake vidole viwili, akavirudisha haraka kama mtu aliyeazima kitu. Na bado ndiye aliyebaki nyuma kila mara kuzima mishumaa, mmoja mmoja, akikandamiza utambi mpaka aridhike. Mtu yule aliogopa moto kuliko mtu yeyote niliyemjua, na mtu yule alivuta tumbaku. Lakini hakuvuta dukani. Alivuka barabara, akapita nyumba ya mwisho, akasimama peke yake katikati ya uwanja kama mbuzi aliyefungwa, akavuta hadi mwisho, akamwagia kipande maji kutoka chupa aliyokuja nayo. Watu wapya walidhani ana wazimu. Sisi wa zamani tulidhani anapokea habari kutoka kwa mtu wa ng'ambo.

Kilichotusumbua zaidi ni ile sheria yake ya betri zilizokufa. Betri mpya hupati mpaka urudishe iliyokufa. Si ya tochi tu: ya simu, ya radio ndogo ya kuchaji, hata iliyopasuka ngozi yake ya plastiki. Alizipokea kwa koleo, akazinusa. Anasema mbaya inanuka tamu, kama rangi ya kucha. Zile bapa za simu aliziweka juu ya kipande cha kioo, akazisukuma kwa kidole. Ikizunguka kama pia, tumbo limevimba, na hiyo hakuirudisha kwa mwenyewe hata akilia. Aliziba ncha, akaipa kila moja chumba chake, akazilaza ndani ya pipa dogo la chuma lenye mchanga mkavu.

"Unazipeleka wapi, Papa?" nilimwuliza siku moja.

"Goma. Kule kuko muntu anazipokea, wanazipeleka inchi ya inje. Wako na mashini ya kuzifungua bila moto."

"Muntu gani?"

"Muntu."

"Na zikikosa kwenda? Si utupe tu mu choo, kama sisi wote?"

Aliniangalia kama nimesema nitatupa mtoto. "Choo iko na maji chini, na maji inaenda kisima. Mu mto, watoto wanaoga. Mu takataka, kuko siku muntu atachoma takataka. Niambie wewe, Furaha, nizitupe wapi?"

Nilicheka tu; kumwamini, sikumwamini. Wengine wote kijijini walinunua vitu vilivyo hai. Yeye alitaka vilivyokufa. Vijana walisema anakamua nguvu iliyobaki na kuwauzia wapiganaji wa upande wa pili kwa ajili ya radio zao za mkononi. Wengine walisema ni mabomu. Wawindaji wa upande wa pori, watu wazima wanaosali na bado wanashika ya babu zao, walisema jambo lililonitisha kuliko mabomu: betri iliyokaa mkononi mwako miezi ina jasho lako, na anayekusanya jasho la kila nyumba ameshika kila nyumba.

Mimi nilicheka na kila mtu, kwa hiyo kila mtu aliniambia lake. Na polepole na mimi nikaanza kumwangalia.

Mama alianza kabla yangu. Kwetu, betri za radio tunaziita mawe, na kila mwanamke anajua kuyaamsha: radio ikianza kuongea kwa pua, unayatoa, unayalaza kando ya mafiga, yanapata joto, na radio inakumalizia habari za jioni. Wengine wanayauma kwa meno. Ni jambo la kila jiko, tangu bibi zetu. Tochi mpya za kuchaji zilipofika, na betri zake zile nene, Mama alifanya kama alivyojua. Betri ilichoka, akailaza kando ya mafiga.

Mlango wa jiko ukafunguliwa bila hodi. Papa Butiki aliingia na koleo lake, akainama kati ya sufuria, akaitoa ile betri, akaiweka nje kwenye udongo, mbali, halafu akarudi nyuma hatua kumi.

"Papa, mu jiko ya mwanamuke mujane unatafuta nini?" Mama aliuliza.

"Natafuta hii."

"Naiamusha. Tangu niko mutoto tunaamushaka mawe hivi."

"Mawe ya radio yakipata moto yanavuja, yanachafua jiko. Hata yale ningekukataza. Lakini hii iko na moto mule ndani tayari, Mama. Unauongezea mwingine wa nini?"

"Na ulijua aje kama iko hapa? Unatuchunguliaka?"

"Juzi tochi yako ilizimika. Jana haukuya butiki. Leo haukuya. Nikafikiri iko wapi."

Ukiniuliza leo, nitasema ni jibu la mtu mwenye akili. Siku ile tulisikia kitu kimoja tu: mtu huyu anajua taa ya nyumba yetu inazimika lini. Kuanzia hapo Mama alifunga mlango wa jiko kwa kamba.

Sitaki ufikiri alikuwa mtu mbaya au mtu mzuri, alikuwa anachosha. Mwaka ule watu walikimbia kutoka Nyamitaba na Kibabi, wakapita kwetu na magodoro kichwani, na wenye maduka walifunga. Papa Butiki alifungua. Aliwapa sabuni, aliwapa chumvi, aliwapa tochi. Lakini kila aliyepokea alipekuliwa kwanza mzigo, kama kwenye kizuizi cha barabara, na wengine walikataa zawadi kwa hasira.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kibabi, kijana, amebeba mtoto kifuani, na simu ameificha ndani ya sidiria, palepale kichwa cha mtoto kilipolala. Papa Butiki aliona umbo la simu chini ya nguo: limevimba upande.

"Toa hiyo."

"Hapana."

"Mama, toa mutoto ao toa simu. Vyote viwili havikae pamoja."

Mama yule alianza kupiga kelele kwamba anaibiwa. Watu wakakusanyika. Yeye alisimama tu, mkono mbele, jasho likimtoka. Mwisho mama aliitupa mezani. Betri ilikuwa imesukuma kifuniko cha nyuma hadi kikapasuka. "Namba ya bwana yangu iko mule," alisema, sasa akilia kweli. "Sijue kama iko hai." Papa Butiki alifungua simu yake mwenyewe, akatoa betri yake nzima, akaipima: ilikuwa ya aina moja. Akaiweka kwenye simu ya yule mama, akawasha, akamrudishia. Yeye alikaa miezi mingi na simu isiyo na betri.

Nilikuwepo, niliona. Na unajua watu walisimulia nini jioni? Kwamba alimnyang'anya mkimbizi betri mbele ya mtoto. Mimi sikusahihisha. Nilitamani kuwa upande wa wanaosimulia. Ni upande wenye joto.

Sasa nifike kwa kaka yangu Bahati, maana ndiye chanzo cha yote.

Kaka Bahati alikuwa motari, dereva wa pikipiki, alipakia watu hadi Masisi na kurudi. Alishuka Goma majuma mawili akarudi na sigara ya umeme, kijiti cha kung'aa kinachotoa moshi wa harufu ya pipi. Wasichana wote walikipenda. Alikuwa pia na betri mbili za akiba, nene zile zile za tochi, na alizitia kwenye mfuko wa jinzi pamoja na funguo za pikipiki. Papa Butiki alimwona kutoka mlangoni.

"Bahati. Hizi mbili zitakuchoma."

"Papa, uko na wivu ya moshi wangu."

"Zitakuchoma pale pale umeziweka. Kuya, nikupe mianzi mbili. Sikuombi kitu."

"Mimi nitembee na mianzi mu mufuko kama muzee wa kasiksi?" Vijana wote barabarani walicheka, maana kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wazee huinywa kwa mrija wa mwanzi. "Wasichana watasema nini?"

"Watasema uko na miguu mbili."

Siku tatu baadaye, kwenye mlima, mfuko ulipiga mluzi. Ndivyo anavyosimulia Bahati: mluzi, kisha moshi, kisha kama mtu amemmwagia mafuta ya kukaanga. Aliachia pikipiki ikaenda yenyewe mtaroni, akararua jinzi kwa mikono. Aliungua paja lote, kutoka kiunoni hadi karibu na goti. Mwuguzi wa kituo cha afya alimfunga, akasema mguu utabaki ila atachelewa kutembea.

Mama alikaa kando ya kitanda chake, hakulia. Alirudia tu neno moja. "Pale pale. Alisema pale pale. Alitaja mahali."

Kwetu, anayetangaza mkosi kabla haujafika ndiye anayepaswa kueleza aliujuaje. Hatukumsikia mtu anayekataza. Tulimsikia mtu anayetuma. Kufikia jioni Kashebere nzima ilikuwa na hesabu moja: amekusanya jasho la nyumba zote, na ameanza na nyumba ya jirani.

Na mimi nilikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine alikuwa nacho. Juma moja kabla, siku ya soko, saa ambayo watu wote wako sokoni, nilipita nyuma ya shamba lake la maharagi na beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Nilimwona amechimba shimo. Alishusha pipa lake, akalizungushia mchanga, akafunika kwa bati, na juu ya bati udongo. Alipoinua kichwa macho yetu yakakutana. Nilicheka, nikamsalimia. Hakuitika. Nikaenda zangu na sombe yangu.

Barabara yetu wakati huo ililindwa na vijana wenye silaha wa huko huko kwetu. Walikuwa walinzi au wezi, ilitegemea siku. Komanda wao alileta simu kuchaji mezani kwangu, kama kawaida.

"Dada Furaha," alisema, "pole ya kaka. Wewe njo jirani. Haukuona kitu?"

Hakunitisha. Hakuinua sauti. Ningeweza kusema hapana, akachukua simu yake akaenda. Kaka yangu alikuwa amelala chali, anauma shuka. Nilisema: "Iko kitu amezika, nyuma ya maharagi."

Kesho yake saa nane mchana vijana wake walimtoa Papa Butiki dukani. Walifukua pipa, wakalileta mbele ya baraza ya chifu, wakawasha moto mkubwa wa kuni kavu. Hiyo pia ni kazi inayojulikana: vitu vya mchawi vinachomwa hadharani, na kila mtu anasogea, akiwemo mtoto mdogo, ili moshi umpitie na kumfungua. Watoto walikuwa mbele kabisa. Mama yangu aliniambia nisogee. Nilisogea.

Papa Butiki alipoona kuni alipiga magoti. Mtu yule hakupiga magoti hata kanisani; alikuwa anainama nusu.

"Musichome," alisema. "Muniue mukipenda, lakini hii musichome. Iko mia na zaidi. Zikishika, pipa itapasuka. Wale watoto watakufa."

"Unaona," mzee mmoja mwindaji akasema taratibu. "Anatutisha na watoto wetu."

"Barabara ilifungwa, sikupata gari ya Goma. Niliogopa kombora ianguke butiki, moto ushike nyumba ya jirani. Njo maana nilizika. Komanda, tafazali."

"Kama ni takataka," Komanda aliuliza, "unalilia nini?"

Na kwa kweli, kadiri alivyoomba, ndivyo kila mtu alivyotaka kuona pipa likiingia motoni. Mimi nilikuwa nimelifunga upya paja la Bahati kwa mikono yangu. Nilijua betri mbili zinafanya nini. Nilikuwa mtu pekee pale, pamoja naye, aliyejua mia zitafanya nini. Nilifungua kinywa. Niliwaza: nikisema, watasema na mimi ni wake. Nilifunga kinywa. Wanaume wawili walinyanyua pipa.

Ndipo Papa Butiki akaacha kuomba. Kisha akasimama, akajipangusa magoti kwa mikono, na akatabasamu. Hatukuwahi kuyaona meno yake. Yalikuwa madogo, kama ya mtoto.

"Bien," alisema. "Muchome. Muchome sasa, kuni bado kali. Furaha, leta petroli ya Bahati, itaenda mbio."

Hakuna aliyesogea.

"Munangoya nini? Mimi mwenyewe nitawasaidia." Akalishika pipa, akawavuta wale wanaume wawili kuelekea moto. Nao wakalivutia nyuma.

"Subirini," Komanda akasema. "Kwa nini sasa anafurahi?"

"Ni moshi anataka," mwanamke mmoja akanong'ona. "Anataka tuuvute."

Mama yangu alinishika mkono akanirudisha nyuma. Wenzake wakafanya vivyo hivyo, kila mmoja akimvuta mtoto wake, mpaka pakabaki uwanja mtupu kuzunguka ule moto. Mtu yule alikuwa ameishi ndani ya shuku miaka yote, zake na zetu, na aliijua njia yake kama anavyojua betri ipi imeoza. Alipoomba tusichome, tulitaka kuchoma. Alipotaka tuchome, tuliogopa.

Komanda hakutaka kuonekana ameshindwa. Aliamuru mchawi abebe uchawi wake mwenyewe, atoke kabla ya jua kuzama, asirudi. Butiki ilibaki kwa vijana. Yeye hakurudi hata kuchukua koti. Alifunga pipa kwenye chukudu, yale matoroli yetu ya mbao yenye magurudumu mawili, akaanza kulisukuma kupanda barabara ya Masisi. Chukudu ni ya kuteremka na mzigo. Kupanda nayo ni adhabu. Alipita mbele ya meza yangu. Hakuniangalia.

Bahati alipoanza kutembea kwa fimbo, aliniambia jambo alilokuwa amelinyamazia kwa aibu. "Ilikuwa funguo, Furaha. Kila shimo ya barabara nilisikia zinagongana mu mufuko. Ule muzee hakunitumia kitu. Aliniambia tu." Tulimwambia Mama. Mama alifungua ile kamba ya mlango wa jiko. Kisha vita vikatufikia na sisi, tukakimbia, na Kashebere tuliyoijua ikatawanyika.

Papa Butiki nimemwona tena mwaka huu, Masisi. Nilikuwa natafuta betri ya tochi, wakanielekeza kwa mzee mmoja nyuma ya soko. Jicho lake la kushoto limekuwa jeupe. Butiki ni ndogo kama jiko, na ndani mna kiti kimoja, chake. Nilisimama. Nilitaka kucheka kama zamani, kicheko hakikuja.

"Papa, ni mimi Furaha, wa Kashebere. Mimi njo nilisema juu ya shimo."

"Najua."

"Komanda alikuambia?"

"Hapana. Nilikuona ukiniona. Hakukuwa muntu mwingine kule." Alikuwa anaziba betri, hakuacha.

"Basi kwa nini haukuhamisha pipa? Ulipata juma nzima."

Sparadra ilimgandia kidoleni, akahangaika kuitoa. "Kesho yake nilibeba jembe nikahamishe. Nikafika kati ya maharagi. Nikajiambia, Kashebere yote, kama kuko muntu moya hatasema, ni ule binti anayecheka. Nikarudisha jembe." Akaikata sparadra kwa meno. "Moya tu. Na hata moya nilikosea."

Nililia palepale, nimesimama, kati ya sabuni na chumvi. Hakunizuia, hakunibembeleza. Nilipomaliza aliuliza:

"Ni nani amekuleta?"

"Hakuna muntu, Papa. Nimekuya mwenyewe."

"Unatafuta nini?"

"Unisamehe."

Aliniangalia usoni, kwa lile jicho moja, muda mrefu. "Nitafikiri," akasema. "Urudie siku ya yenga, nyuma ya misa."

Nilirudi siku ya yenga, yaani Jumapili, baada ya misa. Alisema bado anafikiri. Nikarudi ya pili, nikamsaidia kukata mianzi nikiwa nimesimama mlangoni, bado anafikiri. Ya tatu mvua ilinyesha, nilifika nimelowa hadi mifupa, akanipa kitambaa na kusema bado. Mama anasema mzee ananichezea. Bahati anasema niendelee.

Yenga iliyopita, nilipofika, dukani mlikuwa na viti viwili. Cha pili ni kipya, mbao bado nyeupe, mguu mmoja mfupi, ameuwekea kipande cha tofali.

"Bado nafikiri," alisema, na akakisukuma kwangu kwa mguu.

Nikakaa.